Maswali na Majibu: Mafunzo kwa vitendo yenye krediti unapokuwa masomoni ng'ambo

Barua nyingi zilizofika safari hii zimetoka kwa vijana wetu wanaosoma Marekani na Ulaya, ambao wamepata nafasi ya kufanya mafunzo kwa vitendo kwa saa chache za wiki huku wakiendelea na masomo, na wanataka kazi hiyo ihesabiwe katika shahada zao. Nimejibu kwa urefu zile ambazo kosa lake laweza kumgharimu mtu viza au ada ya wazazi.

Shikamoo mwalimu. Nasoma uhasibu Minnesota, Marekani, kwa viza ya mwanafunzi, F-1, na niko muhula wa pili wa mwaka wa kwanza. Kampuni moja imenikubali kwa saa 15 kwa wiki, na mhadhiri wangu amesema atanihesabia krediti tatu. Meneja anataka nianze Jumatatu. Nianze?

Marahaba. Usianze Jumatatu, wala usikubali kwenda hata siku moja ya kujaribiwa, kwa sababu ridhaa ya mhadhiri si ruhusa ya kufanya kazi. Mwanafunzi wa F-1 anayetaka kufanya kazi nje ya chuo kama sehemu ya masomo yake anahitaji idhini inayojulikana kwa kifupi chake, CPT, na idhini hiyo hutolewa na afisa wa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni kwako. Idara haiwezi kuitoa, na mwajiri hawezi.

Sharti linalokuzuia kwa sasa ni la muda: sheria inataka uwe umekwisha kusoma kwa muda kamili kwa mwaka mzima wa masomo kabla ya kupewa CPT. Wanaosamehewa ni wanafunzi wa uzamili na uzamivu ambao programu yao inawalazimu wote kuanza mafunzo mapema. Wewe hujamaliza muhula wa pili, kwa hiyo afisa hata akikuonea huruma hana njia ya kukusaidia. Mwandikie meneja leo, kwa adabu na kwa uwazi, umweleze kwamba utaratibu wa viza yako unakuruhusu kuanza baada ya muhula huu kwisha, na umwombe akusogezee tarehe. Kampuni iliyozoea wanafunzi wa kigeni itakuelewa. Ikikataa, itakuuma, lakini bado utakuwa na hadhi yako ya uanafunzi.

Wakati utakapofika, jisajili kwanza katika somo linalobeba krediti za mafunzo hayo, kisha upeleke ofisini barua ya mwajiri inayotaja jina na anwani ya kampuni, kazi utakazofanya, idadi ya saa kwa wiki, na tarehe za kuanza na kumaliza. Afisa akiridhika ataingiza taarifa hizo katika SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kumbukumbu za wanafunzi wa kigeni, na kukupa I-20 mpya, ile hati ya chuo inayothibitisha uanafunzi wako. Ifungue ukurasa wa pili uisome mwenyewe: jina la mwajiri limeandikwa sawasawa? Tarehe ni zilezile za kwenye barua? Idhini hiyo ni ya mwajiri huyo na kipindi hicho tu, na siku ya mwisho ikipita unatakiwa kuacha kazi, hata kama ripoti ya mwezi haijakamilika na msimamizi anakubembeleza ubaki wiki moja zaidi.

Nasisitiza hivi kwa sababu kosa hili halisameheki kirahisi. Mwanafunzi aliyepoteza hadhi yake anaweza kuomba arudishiwe, lakini mojawapo ya masharti ya ombi hilo ni kwamba hajawahi kufanya kazi bila idhini. Na usidhani kwamba kukosa mshahara kunakuepusha, kwani kazi ambayo kwa kawaida hulipiwa huweza kuhesabiwa kuwa ajira hata ukiifanya bure.

Nimepata mafunzo ya saa 18 kwa wiki hapa Marekani. Nimeambiwa kwamba nikitumia CPT nitapoteza OPT, ile ruhusa ya kufanya kazi mwaka mmoja baada ya kuhitimu. Ni kweli?

Si kweli kwa hali yako ya saa 18 kwa wiki. Anayepoteza OPT katika ngazi hiyo ya shahada ni yule aliyefanya CPT ya muda kamili, yaani zaidi ya saa 20 kwa wiki, kwa jumla ya miezi 12 au zaidi. CPT ya saa 20 au pungufu haipunguzi OPT yako. Hakikisha tu kwamba I-20 yako inaonyesha kuwa ni ya muda usio kamili, na usivuke saa hizo katika wiki yenye kazi nyingi.

Chuo changu hapa Marekani kinataka nilipie ada ya krediti tatu wakati wa kiangazi ili nifanye mafunzo yasiyo na mshahara. Baba tayari ameuza kiwanja kwa ajili ya ada yangu. Je, hii ni haki?

Ni halali, na vyuo vingi hufanya hivyo, lakini sitakuambia kwamba naiona kuwa haki. Kumtoza mzazi wa Morogoro au Kisumu maelfu ya dola ili mwanawe akafanye kazi bure ni mzigo mzito, na kabla ya kuubeba yafaa uulize maswali matatu.

Ulizia kwanza kama idara yako ina somo la mafunzo lenye krediti moja, au hata lisilo na krediti yoyote lakini linaloandikwa katika matokeo yako. Baadhi ya vyuo vimeliweka kwa ajili ya hali kama yako, ingawa halitangazwi sana, na mara nyingi mwenye kulijua ni katibu wa idara kuliko mhadhiri. Uliza pia jinsi ada ya muhula wa kawaida inavyopangwa. Katika vyuo vingi, anayesoma kwa muda kamili hulipa kiasi kilekile awe amechukua krediti 12 au 18. Ukiwa na krediti 12 za darasani, tatu za mafunzo hazitakuongezea hata senti. Hii ndiyo sababu napendelea mafunzo ya saa chache katikati ya muhula kuliko ya kutwa nzima wakati wa kiangazi, ingawa ratiba itakubana. Mwisho, angalia nafasi zilizomo chuoni kwenu, kwa mfano katika ofisi ya fedha au maabara ya idara, kwa kuwa kazi ya ndani ya chuo haihitaji CPT, huruhusiwa hadi saa 20 kwa wiki masomo yanapoendelea, na kwa kawaida ina malipo.

Binti yangu anasoma uhandisi wa mazingira Ujerumani. Siku mbili kila wiki yuko kwenye kampuni na halipwi chochote. Ndugu zangu hapa Moshi wanasema ananyonywa. Niamini nini?

Mama, jibu linategemea kama mafunzo hayo yamo katika kanuni za programu yake. Sheria ya kima cha chini cha mshahara ya Ujerumani, iliyoanza kutumika 2015, haimgusi mwanafunzi anayefanya mafunzo ya lazima, ambayo wao huyaita Pflichtpraktikum. Mafunzo ya hiari yanayofanywa sambamba na masomo nayo huruhusiwa bila kima hicho, ila yasizidi miezi mitatu. Basi mwombe binti akuonyeshe kanuni za programu na mkataba wake. Yakiwa ya lazima, kampuni haijavunja sheria, na kuna faida moja: siku hizo hazikatwi katika siku 140 kamili, au nusu siku 280, ambazo mwanafunzi kutoka nje ya Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi kwa mwaka. Siku hizo bado ni zake, na anaweza kuzitumia kwa kazi ya malipo.

Hata hivyo, halali na manufaa ni mambo mawili. Muulize wiki iliyopita alifanya nini hasa. Akisema alikwenda na wahandisi kuchukua sampuli za maji na akafundishwa kuzisoma, mwache aendelee. Akisema amekuwa akipanga mafaili tangu alipoanza, amweleze msimamizi wake wa chuo mapema, kwani chuo kina sauti mbele ya kampuni kuliko yeye.

Mimi ni mwanafunzi wa Dar es Salaam, niko Finland kwa muhula mmoja wa kubadilishana. Nimepata mafunzo maabara yenye krediti 10 za Ulaya. Nikirudi zitahesabiwa?

Zitahesabiwa ikiwa idara yako ya nyumbani imekubali kwa maandishi kabla hujaanza. Kama umekwenda kwa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, mkataba wako wa masomo una saini tatu, yaani yako, ya chuo chako na ya chuo cha huko, na mabadiliko yoyote yanahitaji saini hizo upya.

Jambo linalozua ubishi zaidi ni hesabu. Krediti moja ya Ulaya kwa Finland ni kama saa 27 za kazi, hivyo krediti zako 10 ni saa 270, ambazo kwa saa 18 kwa wiki utazimaliza kwa wiki 15. Tanzania krediti moja ni saa 10. Anayepima kwa saa atakupa krediti 27. Anayepima kwa uzito wa mwaka, ambapo 60 za Ulaya ni sawa na 120 za kwetu, atakupa 20. Saba zinazobaki zinaweza kuwa somo zima, kwa hiyo mwombe mkuu wa idara aandike sasa ni kipimo gani kitatumika.

Tunza pia kitabu cha kumbukumbu za kila siku kama vile uko fildi nyumbani. Ukiandika "nilisaidia maabara", anayesahihisha hatajua umejifunza nini. Andika ulipima nini, kwa kifaa gani, na nini kilikwenda mrama. Kwa kuwa kampuni nyingi za huko hazitumii mihuri na idara zetu huipenda, omba barua yenye nembo ya kampuni, saini na cheo cha msimamizi, na jumla ya saa ulizofanya.

Nina CPT na ninalipwa. Mshahara wangu umekatwa Social Security na Medicare. Ni sawa?

Kama uko Marekani kwa F-1 na hujavuka miaka mitano ya kalenda, kwa kawaida hutakiwi kukatwa makato hayo mawili, ya hifadhi ya jamii na ya bima ya afya ya wazee, ambayo kwa pamoja ni asilimia 7.65. Kodi ya mapato ni jambo jingine na utaendelea kukatwa. Mwombe kwanza mwajiri akurudishie, na akishindwa, peleka madai kwa mamlaka ya kodi, IRS, kwa fomu 843 pamoja na fomu 8316, ukiambatisha nakala ya viza, I-20 na hati ya mshahara ya mwaka, yaani W-2. Kila mwaka jaza pia fomu 8843, hata ule ambao hukupata kipato chochote.