Mbawakawa wa kinyesi hali mizizi ya kahawa

Swali: Bwana shamba, kahawa yangu iko chini ya miti ya kivuli na ng'ombe hupita humo. Nikifunua kinyesi nakuta mbawakawa weusi, wakubwa kwa wadogo, na udongo chini yake umejaa matundu. Muuza dawa anasema ndio wanaozaa mabuu wanaokula mizizi, nipulizie shamba zima. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, na nimechoka kulisikia. Chukua jembe, chimba penye tundu mojawapo. Utakuta donge la mavi lililofinyangwa vizuri, na ndani yake buu mmoja mweupe mwenye kibiongo. Humo ndimo anamokula, anamokulia na kugeuka mbawakawa. Donge likipata ufa, anauziba kwa kinyesi chake mwenyewe. Mzizi wako ataufuata saa ngapi? Hata mzazi wake, taya zake ni laini, hufyonza majimaji na chembe za kinyesi tu.

Buu mla mizizi yupo, tena ni wa ukoo huohuo, ndiyo maana watu wanachanganya. Lakini huyo utamkuta kwenye udongo mtupu kati ya mizizi, amejikunja kama mundu, hana donge. Bungua wa shina huacha ungaunga wa mti. Ruhuka, mwenye urefu wa milimita moja na nusu hivi, hutoboa tunda kwenye kitovu. Kila mmoja ana dawa yake na wakati wake, na hakuna hata mmoja anayetibiwa kwa kumwagia kinyesi sumu.

Hao wakubwa kwa wadogo uliowaona ni spishi mbalimbali. Wapo wanaoviringisha mavi na kwenda kuyafukia mbali, wanaochimba chini ya rundo, na wanaoishi ndani yake. Kivuli na majani yaliyooza huwatunzia unyevu. Ukikata miti, wa msituni hutoweka na kubaki wavumilia jua wachache. Unaweza bado kuhesabu mamia kwenye rundo moja, kumbe wote ni wa aina mbili tatu. Wingi usikudanganye.

Wapo pia wakulima wasiopulizia chochote, ila wanaua kwa mlango wa nyuma: dawa ya minyoo ya ivermektini. Ng'ombe akishapewa, sehemu kubwa hutoka na kinyesi kwa siku kadhaa, hata wiki, na mabuu humo hufa. Mbawakawa wakipungua, kinyesi kinakaa juu ya ardhi bila wa kukifukia, nzi wanazaliana, mkulima anarudi dukani kununua dawa ya nzi. Muuzaji wa namna hiyo hapotezi kitu. Muulize jina la mdudu na sehemu ya mmea anayokula. Kama hajui, usinunue. Na ng'ombe waliopewa dawa ya minyoo, wazuie wasipite kwenye kahawa mpaka wiki chache zipite.