Mtoto hali chakula vizuri, nimnunulie vitamini?

SWALI: Sista, salaam. Binti yangu ana miaka mitatu. Kutwa ni chai na chapati. Matoke anayachezea tu. Jirani ananishauri nimnunulie dawa ya maji ya vitamini, chupa shilingi 20,000. Watoto wake walinenepa. Ni lazima?
— Mama Shamim, Malaba

JIBU: Mama Shamim, kwanza tazama kadi yake ya kliniki. Matone ya vitamini A alipewa lini mara ya mwisho? Kuanzia miezi 6 hadi atimize miaka 5 anapaswa kuyapata kila baada ya miezi 6, na dawa ya minyoo tangu mwaka mmoja. Vituo vya serikali hutoa bure, na mwezi wa Aprili na Oktoba kuna kampeni maalumu. Vitamini A huhifadhiwa kwenye ini, ndiyo sababu dozi moja hudumu miezi. Kwa sababu hiyohiyo usimwongezee ya chupa kiholela: ikizidi haitoki kwa mkojo kama vitamini C, inadhuru.

Hao walionenepa, muulize jirani jina la dawa. Baadhi ya dawa za kuleta hamu ya kula zina cyproheptadine, ambayo ni dawa ya mzio. Mtoto hula, lakini pia husinzia. Si vitamini hiyo.

Ugomvi wangu mimi ni na chai. Inamjaza tumbo, tena inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Iondoe karibu na saa za chakula. Elfu ishirini hiyo nunua mukene (dagaa), uwasage, utie kijiko kwenye mchuzi wa karanga, hatawaona. Dodo (mchicha) usikose. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa navyo ni vitamini A tupu (Mganda mwenzetu, Robert Mwanga, ni mmoja wa waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya viazi hivyo), na watoto huvipenda kwa utamu.

Wapo wanaohitaji dawa kweli: aliyezaliwa njiti, mwenye selimundu, aliyepungukiwa damu. Hao huandikiwa kituoni, kwa kipimo. Na dawa yenye madini ya chuma ifungie juu kabisa. Ni tamu, na mtoto akiimaliza chupa anaweza kufa.

Mwangalie viganja. Vikiwa vyeupe, au nguo zikianza kumpwaya, mpeleke apimwe damu na malaria, na wampime mkono kwa ule utepe wa rangi wa kupima utapiamlo.