Watatu Kwetu Wamezaliwa Tarehe Moja Januari

Wiki iliyopita binti mmoja wa darasa la kumi na moja kaniandikia: "Yaya, mwalimu wa Kiingereza anataka kurasa tatu kuhusu race na utambulisho wangu. Niandike nini? Mimi ni Mbembe tu." (Wasomaji wa pwani msishtuke. Kwetu Wabembe, kabila la mashariki mwa Kongo, yaya ni ndugu mkubwa, sijawahi kulea mtoto wa mtu.)

Mbembe tu! Nilicheka peke yangu ndani ya basi, halafu nikanyamaza, kwa sababu mimi mwenyewe kwenye swali hilo nilipata D.

Tulifika Louisville, Kentucky, Marekani, mwaka 2017 tukitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, nikiwa na miaka kumi na miwili. Kambini tulisoma mtaala wa Kongo, Kifaransa na Kiswahili, kwa hiyo Kiingereza nilikianza ukubwani. Hiyo miaka ya mwanzo ya kukaa kimya darasani naiacha, kila mmoja wenu anaijua. Naanzia siku nilipotolewa darasa la wageni na kuingizwa darasa la kawaida, nikajiona nimefika. Mada ya muhula ikawa hiyo hiyo.

Jioni ile mama alikuwa anafunga kamba za viatu aende kufua mashuka ya hoteli. Akauliza tunasoma nini. Nikamwambia rangi.

"Rangi ya nini?"

"Ya watu."

"Kumbe na hiyo inasomewa?"

Kamusi inasema race ni mbari, lakini nyumbani kwetu hakuna anayetamka mbari. Na mama alikuwa na haki ya kushangaa. Nyarugusu hakuna aliyeniita mweusi. Nilikuwa Mbembe, mtoto wa fulani, wa zoni ya tano, na nikitoka nje ya kambi nilikuwa mkimbizi. Weusi niliupata Louisville, siku papa alipojaza fomu za shule: viboksi vya rangi za watu vimepangwa, akatia tiki kimoja, tukaenda nyumbani.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa Maryland, akatoroka, akachapisha habari za maisha yake mwaka 1845. Tulipofika kwenye viboko, vichwa vikaanza kugeuka kunitazama. Mwalimu naye akageuka, kwa upole mwingi, akaniuliza kama sisi tunaotoka Afrika tuna la kusema. Nikasema sina. Kutoka nyuma kijana mmoja, mweusi kama mimi, akasema, "Huyo si mweusi, huyo ni Mwafrika." Darasa likacheka. Sentensi hiyo nimeiandika hapa na kuifuta mara tatu. Miaka imepita na bado inauma, nisiwadanganye.

Basi nikaandika insha ya hasira iliyovaa suti. Ubaguzi ni adui wa maendeleo, dunia nzima tushikamane, maneno ya hotuba ya kufunga shule. Mwalimu akaweka D, na pembeni kwa kalamu ya kijani akaandika maneno machache: "Wewe uko wapi humu?" Nilimchukia wiki nzima. Alikuwa sahihi.

Jibu lilikuja zahanati. Nilikwenda kuwatafsiria wazee, na dada wa mapokezi akatazama karatasi zetu akaanza kucheka: papa tarehe moja Januari, mama tarehe moja Januari, bibi tarehe moja Januari. "Familia yenu mna sherehe kubwa!" Ninyi mnajua kilichotokea. Mzee aliyekimbia vita Kongo akavuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi usiku, mwaka 1996, hakubeba cheti cha kuzaliwa. Akifika kwenye meza ya kuandikisha wakimbizi akaulizwa tarehe, akasema nilizaliwa wakati wa kuvuna mahindi, karani anaandika 01/01 na mwaka wa kukadiria, anaita mwingine. Wakimbizi wengi Marekani wamezaliwa siku hiyo moja. Bibi aliuliza yule dada anacheka nini. Nikamdanganya, nikasema amefurahi kutuona.

Usiku ule nikafungua tena kitabu, ukurasa wa kwanza kabisa. Douglass anaanza kwa kusema hajui umri wake. Watoto wa kizungu walijua wa kwao, yeye haujui, na kumuuliza bwana wake ilikuwa mwiko. Ukubwani alijichagulia siku mwenyewe, 14 Februari. Nilikuwa nimesoma ukurasa huo mwezi mzima nyuma nikaupita kama kituo cha basi kisicho changu.

Nikaandika upya. Meza, karani, kalamu, mahindi, kicheko cha zahanati, uongo niliomwambia bibi. Neno rangi nililitumia mara moja tu. Nikapata A, na mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Ndiyo, najisifu, niacheni.

Kengele ilipolia, yule kijana wa nyuma akanifuata kwenye makabati. Hakuomba msamaha. Aliniambia nyanya yake anatafuta ukoo wao kwenye sensa za zamani, na kila mara anakwama mwaka 1870. Hiyo ndiyo sensa ya kwanza iliyowaandika kwa majina waliokuwa watumwa. Ukirudi 1860 au 1850, daftari la watumwa lina jina la mwenye mali, na chini yake mstari baada ya mstari: umri, jinsia, rangi. Majina, karibu kote, hakuna. "Huenda ni yule wa miaka ishirini na minne," aliniambia, "huenda siye." Tulichelewa hesabu wote wawili.

Sasa vijana wetu, niwaambie bila kuzunguka. Mnasoma historia ya weusi wa Marekani kama abiria anayetazama dirishani, halafu mnalalamika kwamba hawawatambui. Mnaipa kompyuta iwaandikie utambulisho wenu! Kompyuta imewahi kupanga foleni ya posho? Imewahi kumtafsiria bibi? Andika kitu kilichomo nyumbani kwenu. Kadi ya posho, begi la plastiki la safari, jina lililokosewa herufi na hamkuthubutu kulisahihisha. Chochote kilichomo nyumbani kwenu. Na ukigeukiwa darasani useme kwa niaba ya bara zima, kataa kwa adabu. Wewe si balozi, una miaka kumi na sita.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usifute hilo neno lako Mbembe. Hiyo "tu" ndiyo uifute. Leo jioni mama yako akitoka kazini, mpe chai kwanza, kisha muulize alizaliwa lini. Akisoma tarehe ya kwenye kadi, mwulize ya kwenye shamba. Rasimu nitumie kabla ya Ijumaa, Kiingereza chake tutakinyoosha pamoja.