Mtoto ametangulia uso, au ametanguliza uso?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mdogo wangu alipokuwa leba Mwanza mjini, shemeji alitutumia ujumbe huku Nansio: "Mtoto ametangulia uso." Mama aliposomewa alishika kichwa akaanza kulia, akidhani mjukuu hayupo tena. Je, shemeji alikosea Kiswahili? Na kama kichwa ndicho kilicho mbele, kwa nini wakunga waseme mtoto amekaa vibaya? (Msomaji, Ukerewe)

Jibu: Marahaba. Kosa lipo, nalo ni la herufi moja tu. Tangulia ni kwenda mbele wewe mwenyewe. Tanguliza ni kukifanya kitu kiende mbele, kama tulia na tuliza, ingia na ingiza. Mtumbwi unapotia nanga ufukweni, omo, yaani ncha yake ya mbele, ndiyo inayotangulia. Mtumbwi umetanguliza omo. Basi tutasema "uso umetangulia" au "mtoto ametanguliza uso". Shemeji alichanganya hizo mbili.

Lakini mama naye hakukosea kulia. Tukisikia "ametangulia" akitajwa mtu, masikio yetu humalizia wenyewe: mbele ya haki. Ndiyo tafsida yetu ya kifo. Kwa habari za leba, neno hilo lisiwekwe kabisa karibu na jina la mtoto.

Sasa kichwa. Kusema "ametanguliza kichwa" hakutoshi, kwa kuwa kichwa kina pande, na Kiswahili kimezipa majina zote. Mtoto aliyeinama vizuri, kidevu kikikaribia kifua, hutanguliza sehemu ya kisogoni, ambako kichwa hupita kwa upana wa sentimita 9.5 hivi. Akiinua kichwa nusu, paji la uso likawa mbele, upana hufika kama sentimita 13.5, na akibaki hivyo kwa kawaida hapiti bila upasuaji. Akikirudisha nyuma kabisa, hutanguliza uso, na hapo la kuuliza ni kidevu: kikielekea mbele, upande wa kinena cha mama, anaweza kuzaliwa kwa njia ya kawaida; kikielekea mgongoni na kikabaki huko, hawezi.

Ipo na hali ya kisogo kuelekea mgongo wa mama. Watoto wengi wa hivyo hujizungusha wenyewe uchungu ukiendelea. Asiyejizungusha huzaliwa akitazama juu, na uchungu mara nyingi huwa mrefu na mgongo humuuma sana mama. Huyu simwiti "aliyegeuka". Neno "amegeuka" linanisumbua zaidi ya yote, maana kwenye kliniki ya wajawazito huwa habari njema, kwamba kichwa sasa kiko chini, na kwenye leba laweza kuchukuliwa kuwa habari mbaya. Afadhali kutaja kiungo na upande kinakoelekea: kisogo kiko mgongoni, kidevu kiko mbele. Hata bibi aliye ng'ambo ya maji ataelewa.

Kama kidevu kilikuwa mbele, shemeji angeandika hivi: "Mtoto ni mzima, bado hajazaliwa. Ametanguliza uso, kidevu kimeelekea mbele, wakunga wako naye."