Usiifiche Asili Yako Ili Uonekane Raia

Nimezaliwa Temeke na watoto wangu wamezaliwa Mbagala, lakini katika kila fomu ya serikali niliyowahi kujaza, swali lililoniletea kazi ni lile la mahali alipozaliwa baba. Marehemu alizaliwa Kasulu, akaja upande wa pwani kama manamba wa mashamba ya mkonge, njia waliyoipita Waha wengi wa rika lake. Sisi ambao wazee wetu wametoka jirani na mpaka wa Burundi tumezoea kuulizwa zaidi ya anavyoulizwa mwenzetu wa Dodoma. Katika ofisi moja niliwahi kutakiwa nilete mtu mzima wa ukoo anitambue, na barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa nilikuwa nayo mkononi. Ninawaandikia hasa wazazi ambao watoto wao wanakaribia miaka 18, umri wa kuomba kitambulisho cha taifa, kwa sababu nimeona familia zikijitafutia matatizo kwa kuandika kwamba babu alizaliwa Tabora au Dar es Salaam, wakidhani maswali yatapungua.

Hofu hiyo ina chanzo chake. Chini ya utawala wa Waingereza, na hasa tangu Gavana Donald Cameron aliposimika utawala wa kupitia machifu katikati ya miaka ya 1920, Mwafrika wa Tanganyika alitambuliwa kwanza kuwa mtu wa kabila fulani lenye mkuu wake, na huko ndiko kodi na mashauri yake yalikohesabiwa kuwa yanastahili kwenda. Nchi ilikuwa ya udhamini, yaani Uingereza ilikabidhiwa kuisimamia tu, kwa hiyo hakuwa raia wa Uingereza. Kisheria alikuwa mtu aliye chini ya ulinzi wake tu. Katika jiji hili la Dar es Salaam aliweza kuishi Kariakoo miaka mingi na bado akahesabiwa mpita njia, na sheria ya mwaka 1944 iliwapa wakuu wa mji uwezo wa kumrudisha kwao mtu waliyeona hana shughuli inayoeleweka. Watu wa mjini nao walijiwekea kinga zao: vyama vya kusaidiana na kuzikana vya Wazaramo, Wapogoro na wengineo. Wakati huohuo chama cha African Association, kilichoanzishwa hapahapa mwaka 1929 na ambacho mrithi wake ndiye aliyezaa TANU, kilikusanya watu bila kujali kabila. Sijawahi kuelewa kwa nini tunasimuliwa kana kwamba ilikuwa lazima mtu achague kimoja, wakati mtu yuleyule aliweza kulipa ada ya maziko kwa watu wa kwao na kuhudhuria mkutano wa siasa pia.

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere alikataa uraia wa rangi, akasema serikali yake ingejiuzulu endapo hoja hiyo ingeshinda. Uchifu uliondolewa katika utawala mwaka 1963, na baada ya sensa ya 1967 hatukuulizwa tena kabila katika sensa. Kisheria, basi, kuwa Muha, Mmakonde au Mhaya hakukuongezei wala kukupunguzia uraia. Jambo ambalo halikubadilika ni ushahidi, kwa kuwa serikali imeendelea kumjua mtu kupitia mahali, kwanza kwa balozi wa nyumba kumi, na baadaye kwa serikali ya mtaa. Hata kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwasomba watu wa jiji hili kuwapeleka vijijini, na waliosombwa walikuwa Watanzania.

Ndiyo maana ushauri wangu ni kuitaja asili kama ilivyo na kuitafutia karatasi. Ofisa akikuta cheti cha ubatizo kinasema Kasulu na fomu yako inasema Tabora, atakushuku kwa sababu ya mgongano huo, hata kama asingekuwa na neno na Kasulu yenyewe. Mkusanyie mtoto cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki. Kwa wazazi na mababu tafuta kadi za chama za zamani, vyeti vya shule na stakabadhi za kodi, na pasipo na cheti uandikishe kiapo mapema, wakati wazee wanaoweza kuthibitisha bado wapo. Hudhuria mikutano ya mtaa na ujulikane kwa mwenyekiti kabla hujamhitaji. Mwenye mpango wa kuhamia Unguja ajue kwamba kuna ngazi nyingine huko, kwani Mtanzania hawi Mzanzibari kwa kuhamia tu.

Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 wanaonyesha uzito wa mahali. Zaidi ya 160,000 miongoni mwao walikubaliwa uraia, na mpango wa mwanzo ulitaka watawanyike mikoani. Mwishowe waliruhusiwa kubaki Katumba, Mishamo na Ulyankulu, ambako tayari walikuwa na mashamba na majirani.

Jambo la mwisho ni majina ya mahali, ambayo hubadilika kuliko watu wanavyodhani. Karatasi ya kabla ya uhuru huenda ikasema Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake yalikuwa Tabora, na msomaji wa leo akadhani mhusika alizaliwa Tabora mjini. Mwaka 2012 sehemu ya Kasulu ikawa Wilaya ya Buhigwe, na sehemu ya Kibondo ikawa Kakonko. Katika kiapo andika jina la kijiji, wilaya ya wakati ule na wilaya ya sasa, kisha tumia maneno hayohayo katika fomu za watoto wote.