Makanisa ya Mji Mkongwe kwa miguu: mmeuliza, najibu

Barua za safari hii karibu zote ni za makanisa ya Mji Mkongwe, basi nazijibu kwa mkupuo. Zilizouliza kiingilio ni shilingi ngapi nimeziacha. Bei hubadilika, na dirisha la tiketi lipo.

Nina asubuhi moja tu. Nianzie wapi? (Msomaji, Tanga)

Anzia Ngome Kongwe, pale Forodhani. Najua ngome si kanisa. Lakini Wareno walikuwa na kanisa mahali hapo zaidi ya miaka 400 iliyopita, na Waomani walipowatoa ndipo wakapajengea ngome. Mabaki ya kanisa hilo yamo ukutani, upande wa ndani. Papasi, yule mtembezaji wa mitaani asiye na kitambulisho, hakupeleki huko kwa sababu hapana cha kuuza. Kisha shika mtaa wa Gizenga ulio nyuma ya ngome mpaka Minara Miwili, ndilo Kanisa la Mtakatifu Yosefu, pitia Soko Muhogo, utokee Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Kianglikana. Gari liache Mnazi Mmoja. Vichochoro vile hata vespa na mkokoteni havipishani bila ya maneno.

Minara Miwili naiona nikiwa juu ya dari, nikishuka mtaani inapotea. Napitia wapi? (Msomaji, Jang'ombe)

Hupotei peke yako. Kanisa la Mtakatifu Yosefu lilijengwa na mapadri wa Kifaransa wa Roho Mtakatifu katika miaka ya 1890, katikati ya nyumba zilizokwisha kubanana, kwa hiyo hakuna uwanja wa kusimama ukalitazama lote. Ingia Gizenga kutoka Barabara ya Kenyatta, weka simu mfukoni, tazama juu kila penye upenyo. Au muulize muuza duka. Watu wanatembea na ramani ya simu mpaka wanagonga baraza za watu, na mtu wa kumuuliza kakaa hapo hapo barazani. Nje ya saa za misa huenda ukakuta mlango mkubwa umefungwa. Usiubishebishe kama mlango wa hoteli.

Ni kweli Livingstone kazikwa Mkunazini? (wasomaji kadhaa, tena)

Hapana. Alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, na moyo wake ukazikwa huko chini ya mti. Mwili umezikwa Westminster Abbey, London. Kilichopo Mkunazini ni msalaba uliotengenezwa kwa mbao za mti huo. Aliyelala nyuma ya madhabahu ni Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi wa kanisa hilo, aliyefariki 1882. Na mngeniuliza japo mara moja habari za Chuma na Susi, watumishi wake waliokuwamo katika msafara ulioubeba mwili ule kutoka bara hadi Bagamoyo, ningefurahi.

Mtembezaji alituingiza kwenye vyumba vya chini, akasema watumwa walifungwa humo wakisubiri mnada. Mwenzangu anasema ni uongo. Nani mkweli? (Mwanafunzi, Tunguu)

Hapa nitakaa kidogo.

Soko la watumwa lilikuwapo Mkunazini, hilo halina mjadala. Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga Juni 1873, na Krismasi ya mwaka huo huo Wamisheni wa Kiingereza wakaweka jiwe la msingi la kanisa. Ndani, mbele ya madhabahu, kuna duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu. Hapo ndipo panapoelezwa kuwa ulikuwapo mti wa kuchapia watumwa. Nje kuna sanamu za watu watano ndani ya shimo, za mwaka 1998, na minyororo yao ni ya enzi hizo hasa.

Vile vyumba ni habari nyingine. Jengo lililo juu yake ni la misheni, lilijengwa baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria waliosema wazi kuwa vyumba hivyo havikuwa vya watumwa. Mwenzako ana hoja. Kinachoniudhi ni kwamba ukweli wa pale unatosha kumliza mtu, lakini watembezaji wanauongezea chumvi kila msimu: mara idadi ya watu kwa kila chumba, mara maji ya bahari kupanda mpaka kifuani. Muulize, "Hili umelipata wapi?" Mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii na aliyesoma atakujibu. Papasi atabadilisha mazungumzo akupeleke duka la viungo.

Na wale wanaopiga picha wakicheka juu ya ukingo wa lile shimo: ondokeni.

Mimi Muislamu. Naweza kuingia kanisani kutazama tu? (Bi wa Kiembesamaki)

La dini muulize sheikh wako, dada yangu, mimi si mufti. La mji ndilo langu. Sehemu ya kiwanja cha Mkunazini ilitolewa na Jairam Senji, tajiri wa Kihindi, na saa ya mnarani inasimuliwa kuwa ni zawadi ya Seyyid Barghash. Steere naye ndiye aliyefasiri Agano Jipya kwa Kiswahili hiki hiki cha Unguja tunachogombana nacho. Mgeni wa Oslo anayajua haya, na mtoto aliyezaliwa Vikokotoni hajawahi kuvuka barabara kwenda kutazama. Skuli zetu zinapeleka watoto kuona kobe wa Changuu. Zipange na Mkunazini.

Nguzo zilizopinduliwa ziko wapi? (Msomaji, Mombasa)

Ndani ya kanisa la Mkunazini, upande wa magharibi, karibu na pa kubatizia. Husimuliwa kuwa Steere alisafiri, na mafundi wakazisimamisha kichwa chini. Kila mtu anazicheka. Wewe inua macho, utazame paa: ni tao moja refu la zege na mawe ya matumbawe, na wakati linajengwa wengi walitabiri litaanguka. Bado liko juu.

Kaptura inakubalika? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapana. Magoti na mabega yafunikwe, kanisani na njiani pia. Na Ramadhani usile ukitembea.

Naweza kwenda Mbweni kwa miguu siku hiyo hiyo? (Msomaji, Kikwajuni)

Panda daladala. Kanisa la Mtakatifu Yohana la 1882 lilikuwa la kijiji cha watumwa walioachwa huru, na Caroline Thackeray, aliyesomesha wasichana wao kwa miaka mingi, kazikwa hapo. Magofu ya skuli yake yako jirani. Usiende Mbweni na miguu iliyochoka, panataka muda.

Na sisi Pemba? (Msomaji, Wete)

Mna haki ya kulalamika. Marafiki, wale Wakristo wanaosali kwa kukaa kimya, walianza misheni yao Pemba mwaka 1897, mwaka ule ule utumwa ulipofutwa kisheria. Waulizeni wazee wa Chake Chake wakuonyesheni mahali penyewe, kisha niandikieni mlichokuta.