Dakika tano tu maneno yameisha: namna ya kukaa na Mungu ukiwa peke yako

Bwana asifiwe, mpendwa. Umesema umeokoka miaka minne, Jumapili hukosi, kwaya umo, mkesha wa Ijumaa unakesha, lakini ukifunga mlango uombe peke yako, dakika tano maneno yameisha na mawazo yameshafika sokoni. Unauliza kama wokovu wako una kasoro.

Hauna. Shida ni kwamba unaanza kusema kabla hujasikia. Mkeshani hulioni tatizo hilo kwa sababu kuna anayeongoza, kuna pambio, kuna sauti za wengine zinazokubeba. Chumbani unabaki na orodha ya mahitaji, na orodha ya mahitaji huisha haraka. Kwa hiyo geuza: Neno litangulie, na maombi yatoke katika ulichosoma.

Anza na dakika 20, kumi za kusoma na kumi za kuomba. Anayeanza na saa nzima hudumu siku nne tano, ya sita anachelewa kuamka, ya saba anaona haya, na ile haya ndiyo inayomweka mbali miezi. Zifunge dakika hizo kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kukumbushwa: ukishabandika maji ya chai, au kabla hujaoga. Marko 1:35 inasema Yesu aliondoka alfajiri na mapema sana akaenda mahali pasipokuwa na watu, na jioni iliyotangulia mji wote ulikuwa umekusanyika mlangoni. Lakini kama uko zamu ya usiku, alfajiri yako ni saa unayoamka wewe. Na kama mnalala wengi chumba kimoja, "chumba cha ndani" cha Mathayo 6:6 kinaweza kuwa kona ya jiko au benchi la kanisani kabla watu hawajafika. Simu iache mbali. Biblia ya kwenye simu inafaa safarini. Hapa, ujumbe mmoja ukiingia ibada imekwisha.

Soma Injili ya Marko, nusu sura kwa siku. Ina sura 16, kwa hiyo ni mwezi na siku moja mbili. Mpango wa kumaliza Biblia nzima kwa mwaka ni mzuri, ila sura ni 1,189, yaani tatu hadi nne kila siku, na wengi hukwama pale Kutoka inapoingia kwenye vipimo vya hema, na Walawi ikafuata na sadaka zake. Sura hizo zina chakula kingi, lakini zinataka mwalimu. Ukiruka siku, usilipe deni. Soma ya leo uendelee.

Soma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya chini. Andika kwa mkono mstari mmoja uliokushika, na chini yake sentensi moja: hapa Mungu anaonekana ni wa namna gani? Swali la "mimi nifanye nini" lije baada ya hilo. Likitangulia, kila sura inageuka orodha ya kazi, na Mungu mwenyewe humwoni.

Sasa maombi. Siku ambazo maneno hayapo, azima maneno ya Zaburi. Chukua ya 13, ina mistari sita tu. Mistari miwili ya kwanza inauliza "hata lini" mara nne. Soma "hata lini" moja, simama, taja chako kwa jina lake: ada ya mtoto, ndoa iliyopoa, ugonjwa usiopona. Usikipambe, Daudi hakupamba. Mstari wa 3 na wa 4 ni ombi, "uangalie, uniitikie". Hapo ndipo pa kuomba unachotaka. Wa 5 na wa 6 anasema amezitumainia fadhili za Bwana. Kama huwezi kulisema hilo kwa furaha, lisome hivyo hivyo, umwambie Mungu kwamba bado hujafika hapo. Dakika kumi zitakuwa zimepita na hukupayuka hata neno moja. Zaburi ya 119 igawe vipande vyake 22 vya mistari minane minane, usiimeze mara moja.

Kuna mambo mawili yanayokausha maombi ambayo watu huyaita mapepo kabla ya kuyachunguza. La kwanza ni ugomvi. Mathayo 5:23-24 inakuagiza uiache sadaka mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako. Kama kila ukipiga magoti sura ya mtu fulani inakujia, funga Biblia umpigie simu. La pili ni uchovu. Eliya katika 1 Wafalme 19 aliomba afe. Hakukemewa. Aliachwa alale, akapewa mkate na maji, akalala tena, akalishwa tena, ndipo akaenda mlima Horebu kuisikia ile sauti ndogo ya utulivu. Anayepata usingizi wa muda wa saa nne tu kila usiku kisha akasinzia magotini anahitaji kulala mapema, si mfungo wa siku tatu.

Na usipime kwa machozi. Kuna asubuhi utalia, na kuna wiki mbili nzima utasoma kama unasoma gazeti. Wiki hizo kavu ndizo watu wanazoacha, wakidhani Mungu ameondoka. Kaa dakika zako 20 hata hivyo.

Kesho anza Marko 1:1 hadi 20. Siku ya saba utakuwa unaingia sura ya 4, mfano wa mpanzi. Ukifika hapo, rudi kwenye uzi huu utuandikie mstari uliouchagua.